Viti vya Matanga Havilipiwi

Kamati imeniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kushika pesa za klabu, eti kabla sijasahau. Nisahau nini jamani? Mpaka leo nikisikia mtu amenunua sabuni, swali la kwanza kichwani ni risiti iko wapi. Lakini nimekubali, kwa sababu nyinyi mnaoanza sasa mmekuta ofisi ina kompyuta, meza na dirisha linalofungika, na mnaweza kudhani pesa za klabu hii zilikuwa zikija zenyewe. Hazikuja zenyewe hata siku moja. Tulizifuata. Mshahara wangu sitautaja, mtacheka. Vyeo pia sina cha kusimulia. Nilianza mweka hazina msaidizi, nikawa mweka hazina, basi. Nitawaambia kazi.

Kwa yule asiyetujua, klabu yetu ni ya watoto wa Makongeni, Shauri Moyo na mitaa ya karibu, huku mashariki mwa jiji. Wavulana wanacheza kandanda, wasichana netiboli, na mtoto halipi chochote. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mtoto halipi, lakini refa analipwa, ligi inalipiwa, mpira unanunuliwa, na mtoto aliyekimbia juani saa nane anataka maji na mkate. Mimi nilifika pale kwa sababu ya binti yangu Nelly, aliyekuwa akicheza netiboli. Nilikuwa karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hadi duka lilipofungwa, na mume wangu, Baba Nelly, alikuwa bado anafanya kazi reli. Jirani yetu Makongeni, Mzee Andayi, karani mstaafu wa tiketi za treni, ndiye aliyekuwa mweka hazina wa klabu. Alisikia niko nyumbani sina shughuli, akaja na koti lake la kijivu, akakataa chai mara moja kwa adabu, akaikubali mara ya pili, kisha akasema, "Mama Nelly, njoo unisaidie hesabu wiki moja tu." Wiki moja! Mtu akikwambia hivyo, muulize wiki ya kalenda gani.

Siku ya kwanza alinikaribisha kwenye chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa mtaa. Kilinuka soksi. Mezani palikuwa na mikebe mitatu ya maziwa ya unga: mmoja wa maji, mmoja wa nauli, mmoja wa refa. "Mikebe hii haisalimiani," aliniambia, maana yake pesa ya mkebe mmoja haikopeshwi mwingine hata kwa dakika moja. Siku hiyohiyo mwenyekiti wetu, Fundi Kariuki, mtengenezaji wa masanduku ya mabati kutoka Shauri Moyo, akapita mbio akitaka kuchukua kidogo kwenye mkebe wa maji anunulie kombe la mashindano, naye angerudisha Jumatatu. Mzee Andayi hakubishana naye. Aliuinua tu ule mkebe, akamuuliza, "Mwenyekiti, watoto wakisikia kiu Jumamosi, watakunywa nini kwa hilo kombe?" Kariuki alicheka mpaka akashika ukuta, akaenda akatengeneza kombe mwenyewe kwa bati. Lipo kabatini mpaka leo, na vishikio vyake havilingani.

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha kwamba refa hulipwa kabla ya mechi, mbele ya manahodha wa timu zote mbili, wakiona kwa macho yao. Ukimlipa baada ya mechi, waliofungwa watasema mlimnunua, na mkifungwa nyinyi, mkono wako utakuwa mzito kutoa. Alinifundisha pia kununua mipira miwili mizuri kuliko mitano ya kupendeza, kwa sababu uwanja wetu ni wa changarawe na unautafuna mpira kama mbuzi anavyotafuna karatasi. Iliyopasuka tuliipeleka sokoni Gikomba kwa fundi viatu mmoja aliyeishona kwa uzi uliotiwa nta. Alikuwa mkali. Ukimpelekea mpira una matope, anakurudishia.

Halafu kulikuwa na sabuni. Jezi zilifuliwa na mama za wachezaji kwa zamu, na kila zamu ilikuwa na kipande cha sabuni na pakiti ya sabuni ya unga. Fomu za wafadhili hazikuwa na mstari wa sabuni. Zilikuwa na mistari ya "kujenga uwezo" na "uhamasishaji," lakini mtoto kuvaa jezi isiyonuka, hakuna. Nilikuwa naandika "usafi wa vifaa" na kuambatisha risiti ya duka la mtaani, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Andikeni ukweli wenu kwa lugha yao, lakini uwe ukweli.

Sasa niwaambie habari ya viti, kwa sababu ndiyo habari yenyewe. Kikundi kimoja kidogo cha ng'ambo, watu wazima waliowahi kucheza ujanani, walitutumia pesa za vifaa vya michezo. Zilikuwa nyingi kwetu. Kamati ikakaa ikaanza kuota viatu na neti mpya. Mzee Andayi akakohoa, akasema tuwaombe ruhusa, nusu tununue viti vya plastiki na tenti moja.

"Viti?" Kariuki akaruka. "Mzee, mpira unachezwa tumesimama!"

"Mwenyekiti," akasema taratibu, "msimu ukiisha mipira hii itakuwa imekufa yote. Wikendi moja hapa Eastlands ina arusi ngapi? Ina harambee ngapi? Na hao watu wote hukaa juu ya nini?"

Kila mmoja akakumbuka viti alivyokodi. Tukawaandikia wale wafadhili kwanza kabla ya kununua hata kimoja. Nisikilizeni vizuri hapo: tuliomba kwanza. Wapo wanaonunua kwanza ndipo wakaeleza, na wengi wao siku hizi hawana klabu. Jibu lilichelewa, lakini lilikuja, na walikubali. Walisema hawajawahi kusikia wazo kama hilo na wanataka kuona litakavyokwenda.

Viti vilipofika, Kariuki alipasha msumari moto akatia alama chini ya kila kimoja, kisha tukapaka mstari wa rangi ya samawati kwenye mguu mmoja wa nyuma. Msidhani ni urembo. Kwenye arusi kubwa, viti vya vikundi vitatu vinne huchanganyika, na jioni kila mtu anabeba anachokiona. Mara moja tulirudi kutoka mtaa wa Donholm na viti vya kanisa moja, vipya, vizito, vya kuegemea vizuri kuliko vyetu. Mzee Andayi akaviangalia chini, hakuona alama. Akasema virudi. Tukavirudisha kwa mkokoteni uleule, jua likiwaka, na nakuambieni roho iliniuma kila hatua.

Biashara ilishika haraka. Kabla hata hatujapanga bei zote, baba wa mchezaji wetu mmoja alifariki. Wageni wasiojua mambo ya mitaa hii niwaeleze: mtu akifa, majirani hukusanyika kwa hiyo familia kila jioni mpaka siku ya kusafirisha mwili nyumbani, mashambani. Wanaomba, wanaimba, wanatoa mchango wa jeneza na gari. Hayo ndiyo matanga. Sisi tuliotoka magharibi mwa nchi safari yetu ni ndefu, hata wenzetu wa kati hawasafiri bure. Sasa watu hao wote watasimama kila jioni? Vijana wa timu walivichukua viti wakavipeleka bila kumuuliza mtu. Kesho yake mjomba wa marehemu akaja ofisini, kofia mkononi, kuuliza ni pesa ngapi.

Mzee Andayi alimwambia, "Viti vya matanga havilipiwi." Akaendelea kuandika.

Ikawa sheria. Hakuna kikao kilichoipitisha. Mimi niliandika kila kiti kilichotoka, matanga au arusi, na mahali pa bei kwa vile vya msiba niliandika neno "matanga." Arusi, harambee, mikutano ya vyama na sherehe za shule zililipa. Kutokana na hizo tulilipa ligi, marefa, maji, mikate, sabuni na yule fundi viatu mkali. Mpira wa watoto hawa ulibebwa na makalio ya watu wazima, na sioni haya kulisema.

Msidhani watu hawakujaribu kutuzunguka. Bwana mmoja, jina lake nalihifadhi kwa sababu mkewe ni rafiki yangu, alikuja ofisini uso umemshuka, akasema amefiwa na mjomba. Tukampa pole, tukamtolea viti na tenti. Mimi na Kariuki tukafuata mkokoteni tupeleke na rambirambi zetu, mimi na leso yangu mkononi. Tukakuta vigelegele. Mbuzi wanachomwa, kina mama wamevaa sare, wazee wamekaa upande huu na ule. Ilikuwa ruracio, wakwe wamekuja kuleta mahari ya binti yake! Kariuki, ambaye ni Mkikuyu na anajua ruracio akiiona, akamshika bega yule bwana. "Kumbe mjomba amefufuka? Mungu ni mkubwa. Amefufuka na ameoa!" Yule bwana alitamani ardhi ipasuke immeze. Alilipa mara mbili palepale, na tukapewa nyama. Tangu siku hiyo, mtu akija kusema amefiwa, tunampa pole, halafu tunauliza kwa upole nani anashika mchango wa matanga, na tunampigia simu. Fanyeni hivyo hata kwa rafiki yenu.

Mzee Andayi alirudi kwao magharibi miguu ilipoanza kumsumbua. Bado hunipigia Jumamosi kuuliza kama refa amelipwa. Nikabaki mimi na mikebe, ambayo baadaye iligeuka akaunti tatu benki, nazo pia hazisalimiani.

Wakati huo kocha wa netiboli alikuwa Shiru. Wanjiru ndilo jina lake, lakini mtaani ni Kocha Shiru. Alikuwa mchezaji wetu tangu utotoni, timu moja na Nelly wangu, akiniita Mathe, yaani mama kwa lugha ya vijana wa mtaa, na mama yake mzazi akiuza nguo Gikomba. Alipoacha kucheza akawa kocha, na Mungu anisamehe, sijaona kocha kama yeye. Msichana akikosa mazoezi mara mbili, Shiru yuko mlangoni kwao. Alikuwa na mtoto wake mdogo, anamlea peke yake katika chumba kimoja Shauri Moyo, na klabu ilimpa nauli na chai tu. Sisi tuliita posho. Yeye alikuwa anaiita dharau, anacheka, lakini nilijua hachezi.

Kisha akaja Bi Tabitha. Alikuwa afisa wa shirika kubwa lililotoa pesa kwa michezo ya wasichana. Alifika na viatu vya kutembea, si vya ofisi, nikampenda kwa hilo. Alikaa nami siku nzima akipitia hesabu, akauliza maswali ya maana, akanywa uji wa watoto. Mwisho akasema shirika lao liko tayari kulipa mshahara kamili wa kocha wa netiboli kwa miaka mitatu, na ada za ligi juu yake. Nilitaka kuinuka nimkumbatie.

"Kuna sharti moja, Mama Nelly," akasema. "Mali ya klabu inayotoa mapato lazima itozwe kila inapotumika. Hivi viti vyenu vinatoka bure mara nyingi sana. Hii sera sijaitunga mimi, lakini nikiipuuza kwenu, nitaulizwa."

"Hivyo ni vya matanga," nikamwambia.

"Nimeona. Tozeni kidogo basi. Hata kidogo sana. Iwe tu kuna bei."

Sikumkasirikia. Angeweza kututumia barua, lakini alikuja akaniambia machoni. Na pesa ilikuwa pesa halali, ya watu wanaotaka jema. Nilimwambia nitalipeleka kwa kamati, na sikulala vizuri mpaka siku ya kikao.

Kikao kilikuwa Jumapili baada ya kanisa, ukumbini, watu wamejaa hata madirishani kwa sababu habari ilikuwa imeshatoka. Kariuki alifungua kwa maombi, kisha akasema waziwazi kwamba yeye anaunga mkono bei ndogo. "Nani atakosa hiyo kidogo? Tutakuwa tumesaidiwa na tumesaidia." Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Ilikuwa hoja nzuri, sikatai.

Nikasimama. Nikawaambia, bei ikishakuwepo, hata iwe ndogo namna gani, kutakuwa na familia moja isiyokuwa nayo wiki hiyo. Na nani ataenda kuidai? Si mwenyekiti. Ni mimi. Mimi ndiye nitakayebisha mlango wa mjane niseme samahani mama, kuna salio la viti. "Hiyo kazi siifanyi," nikasema. "Tafuteni mweka hazina mwingine." Nilikuwa na hoja nyingine, kwamba watu wengi wa arusi walikuja kwetu kwa sababu tulisimama nao kwenye msiba. Lakini hiyo sikuweza kuithibitisha kwa risiti, kwa hivyo sikuisema.

Ndipo Shiru akasimama. Alikuwa nyuma, filimbi bado shingoni.

"Mimi nitasema tu ukweli," akasema. "Mtu akikufa mnampelekea viti bure. Sawa. Hata babangu alipokufa vilikuja, na nawashukuru. Lakini mimi niko hai. Niko hai na landilodi anabisha kudai kodi kila mwisho wa mwezi. Nani ananibebea kiti mimi? Mathe, wewe unajua hesabu zote. Unajua ninapata nini. Hiyo pesa ya Tabitha naitaka. Siombi, naitaka."

Nilimwangalia yule binti niliyempa maji tangu akiwa mdogo, nikaona hana kosa hata moja. Kila alilosema lilikuwa kweli.

Kura zikapigwa kwa mikono. Kwetu mweka hazina hupiga mwisho, asije akawatisha wengine kwa hesabu zake. Wote walipomaliza, pande zote mbili zilikuwa sawa, na macho yakaja kwangu. Nikainua mkono pamoja na wale waliokataa bei.

Shiru hakupiga kelele. "Sawa Mathe. Nimekuona," akasema, akachukua mtoto wake akatoka. Niliporudi nyumbani nikamwambia Baba Nelly, nikalia jikoni hadi sufuria ikaungua. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache. Aliiondoa sufuria motoni akasema, "Umefanya sawa. Sasa mtafutie mshahara."

Na hiyo ndiyo ikawa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya. Bi Tabitha nilimwandikia kwamba tumeshindwa kutimiza sharti, akanijibu kwa heshima, mambo yakaishia hapo. Shiru hakuacha timu. Nilidhani ataacha. Asubuhi aliuza viatu kwenye kibanda Gikomba, jioni alikuwa uwanjani anapuliza filimbi, amechoka anaonekana. Mimi akanisalimia kama mnavyomsalimia askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji. Za kazi tu. Mipira mingapi, ligi inalipiwa lini, kwaheri.

Nikavaa viatu vya kutembea na mimi. Nilikwenda Donholm, kwenye kamati za nyumba, kwenye shule zenye siku za wazazi, kwenye makanisa yenye arusi za kila Jumamosi. Watu wa Donholm wanalipa vizuri, ila wanataka vifuniko vya viti vyeupe na utepe mgongoni. Basi tukashona vifuniko. Kina mama wale wa zamu ya sabuni ndio walivishona, nikawalipa. Tukanunua tenti ya pili kwa kulipa polepole. Msimu wa kampeni ulipofika nikaweka sheria yangu mwenyewe: mwanasiasa analipa kabla tenti haijatoka stoo, na analipa taslimu. Mmoja akaja na wapambe wake, akataka tumkodishe kwa ahadi na tuchore sura yake kwenye tenti, tutafurahi baadaye. Nikamwambia tenti hii hukaa hata kwenye maombolezo, na sura yake ingewaongezea watu huzuni. Wapambe walicheka kabla hajawaangalia. Alilipa.

Kila shilingi ya vifuniko niliiweka kando kwa kazi moja. Msimu wa kwanza nikaweza kumlipa Shiru nusu ya ile aliyoikosa. Nilimpa bahasha, akatia sahihi bila kuinua uso. Msimu uliofuata ikapanda. Na ule uliofuata nikamlipa sawa na alichokuwa ameahidiwa na Bi Tabitha, tena kila mwezi, bila kungoja mtu wa mbali atume. Akaacha kile kibanda cha Gikomba. Timu yake ikapanda daraja la juu la ligi, wasichana wa Shauri Moyo wakizifunga timu zilizokuja na basi lao na daktari wao. Nilisimama kando ya uwanja nikapiga vigelegele hadi sauti ikaisha. Nimeshika pesa za watu maisha yangu yote ya utu uzima, lakini hiyo siku ndiyo nilijua nimezifanyia kitu. Ila Shiru na mimi, bado zilikuwa za kazi tu. Sikumlaumu, na wala sikujutia ile kura.

Mwaka jana Baba Nelly akatangulia. Aliugua kidogo tu. Tulikuwa tumemwacha hospitali usiku mmoja, asubuhi wakanipigia.

Jioni yake nilikuwa sebuleni Makongeni na Nelly na wanawake wa kanisa, sisikii vizuri wanachosema, niliposikia magurudumu ya mkokoteni nje. Nikachungulia. Wasichana wa netiboli walikuwa wanashusha viti, viwili viwili kichwani, wamevaa sare zao za mazoezi, kimya, hata wale wapiga kelele. Shiru alikuwa katikati anaelekeza tenti isimamishwe wapi, ile mpya, ya arusi za Donholm.

Mwaona, kazi haimtoki mtu. Nilitoka nje na leso kichwani, nikageuza kiti kimoja kutazama alama ya msumari. Nikauliza nani ameandika viti vilivyotoka. Halafu nikaingia ndani nikachukua mkoba wangu, nikarudi na pesa mkononi, bei ya arusi, viti na tenti, kwa jioni zote mpaka tusafiri. Nilikuwa nimeshazihesabu kichwani.

"Kocha," nikamwambia, "andika risiti."

Akanitazama. "Risiti ya nini?"

"Hii sheria nimeipigia kura mimi. Mweka hazina hawezi kufaidika na kura yake mwenyewe. Watu watasema. Andika, nitie sahihi."

Shiru aliweka chini kiti alichokuwa amebeba. Kwa mara ya kwanza tangu kile kikao aliniangalia machoni, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi na hasira pamoja.

"Mathe, nisikilize. Wewe ulisema viti vya matanga havilipiwi. Ulisema mbele ya watu wote, na mimi nikakosa mshahara. Nikauza viatu. Mtoto wangu akalala njaa siku zingine, hiyo hujui. Nikasema sawa, huyu mama ameamua hivyo kwa kila mtu. Sasa leo ni wewe umefiwa, unataka kulipa? Ukilipa leo, mimi nilikosa ile pesa kwa nini?"

Nilikuwa bado nimemnyooshea zile pesa.

Akazikunja zile noti mkononi mwangu, akanifunga vidole juu yake. Kisha akachukua kile kiti, akakipangusa kwa mkono wa sare yake, akakiweka mbele kabisa, penye nafasi ya mjane.

"Kaa, Mathe," akasema. "Kaa."

Nikarudisha pesa kwenye mkoba, nikakaa.